Shajara ya mradi: peptidi ya kuzuia kwa kingamwili ya TdT

Hii ni kumbukumbu ya benchi yetu hapa Dar es Salaam, na inaongezwa kila hatua inapokamilika. Nawaandikia wateknolojia wa maabara na wanafunzi wa patholojia wanaotumia kingamwili ya TdT (inayoshika protini iitwayo TdT na kuipaka rangi) na kujiuliza kama peptidi ya kuzuia, kipande cha protini cha kupima kama rangi hiyo ni ya kweli, inastahili hela yake. Kukata parafini, kumimina jeli na kupaka hematoksilini nimeyaruka, maana yamo kwenye miongozo ya kila maabara. Bei ni zile tulizolipa sisi, kwa shilingi za Tanzania, nimezikadiria kwa elfu.

3 Februari 2025: Kwa nini tumeanza

TdT ni DNA polimerasi yenye tabia ya kipekee: inaongeza nyukleotidi kwenye ncha ya uzi wa DNA bila kiolezo chochote cha kunakili. Mwilini inafanya kazi ndani ya seli changa za kinga, kwenye thaimasi (tezi ya kinga iliyo kifuani) na uboho, wakati jeni za kingamwili na za vipokezi vya seli T zinakatwa na kuungwa upya. Herufi inazochomeka kwenye maungio hayo ni sehemu kubwa ya sababu ya kinga yetu kuwa na aina nyingi hivyo za vipokezi. Seli ikishakomaa, TdT inazimwa. Kwa hiyo uvimbe wenye viini vya kahawia kwa TdT kwa kawaida unakuambia kuwa seli zake ni limfoblasti, yaani seli changa za kinga.

Kwa ukanda wetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mtoto analetwa na uvimbe wa taya au wa tumbo, kipande kilichokatwa ni kidogo na kimekaa kwenye fomalini kupita kiasi. Limfoma ya Burkitt, ile ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, na limfoma ya limfoblasti zinaweza kukuchanganya kwenye kipande cha namna hiyo. Zote mbili zinaweza kuonyesha CD10, alama ya protini kwenye uso wa seli. Kwa kawaida Burkitt haina TdT, limfoblasti inayo. Matibabu nayo yanaachana njia: Burkitt inapigwa kwa dawa kali kwa miezi michache, limfoblasti inadai ratiba ya miaka miwili au zaidi.

Kwa uchunguzi wa wagonjwa tunatumia kingamwili ya monokloni (ya aina moja tu, inayoshika sehemu moja ya protini) inayokuja tayari kwenye kichupa. Ni nzuri, lakini bei yake inaumiza. Tulipata polikloni ya sungura (mchanganyiko wa kingamwili nyingi tofauti) iliyokolea, miligramu 0.2 kwa mililita, ambayo ukiizimua 1:200 gharama ya slaidi moja inashuka sana. Kwenye thaimasi inapaka viini vizuri. Shida ni kwamba kwenye baadhi ya limfoma inaacha pia ukungu wa kahawia kwenye saitoplazimu, sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, na TdT makao yake ni kwenye kiini. Ukungu huo unatoka wapi? Hapo ndipo wazo la peptidi lilipoingia.

Peptidi ya kuzuia ni kipande kifupi cha protini, kilekile alichodungwa sungura ili atengeneze kingamwili. Ukikichanganya na kingamwili kabla ya kuiweka kwenye slaidi, mikono ya kingamwili inajaa na haina nafasi ya kushika tishu. Rangi itakayotoweka ilikuwa imeshikwa na mikono hiyo. Itakayobaki ina chanzo kingine.

24 Februari: Kuagiza

Tulimwomba mtengenezaji mpangilio wa asidi amino wa peptidi yake, tukajibiwa kwamba ni siri ya biashara. Walichokubali kusema ni kwamba inatoka upande wa mwanzo wa protini. Mpangilio wote wa TdT ya binadamu uko wazi kwenye UniProt, hifadhidata ya protini (P04053, asidi amino 509, uzito wa kilodaltoni 58 hivi), lakini bila kujua walikata wapi huwezi kuagiza peptidi yako mwenyewe kwa bei nafuu. Huwezi pia kutengeneza ile peptidi ya kulinganishia ambayo asidi amino ni zilezile ila zimevurugwa. Ikabidi tununue ya kwao.

Mikrogramu 100 za unga mkavu: 310,000. Usafiri na wakala wa forodha: 420,000. Ndiyo, nauli imeishinda bidhaa. Unga mkavu hauhitaji barafu kavu njiani, kwa hiyo msikubali kutozwa pesa hiyo. Kama mna oda nyingine inakuja, iunganisheni.

Kabla ya kulipa hakikisheni jambo moja kwa maandishi: peptidi hii ni ya namba hiyohiyo ya kingamwili mliyonayo. "Peptidi ya TdT" kwa jumla haina maana. Mwanafunzi wetu aliijaribu baadaye kwenye monokloni, rangi haikupungua hata kidogo, na ndivyo ilivyotakiwa, kwa sababu monokloni ile inashika sehemu nyingine ya protini.

17 Machi: Kichupa kimefika, na masika nayo

Ndani ya kichupa huoni kitu. Mikrogramu 100 ni utando tu ukutani, na ukifungua kwa papara unaweza kuruka na kifuniko. Kiacheni kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa, ndani ya mkebe wenye silika jeli. Kwa unyevu wa Dar mwezi huu, kichupa kilichotoka freeza kikifunguliwa hapohapo kinavuta maji mbele ya macho yako. Kisha kizungusheni kwenye sentrifuji kidogo, ndipo mfungue.

Kuyeyusha: peptidi hii ikiwekwa moja kwa moja kwenye PBS (bafa ya maji ya chumvi) inatoa maji yenye mawingu, ambayo yakikaa yanatua chini. Mchanganyiko wa namna hiyo unakupa namba kwenye daftari ambayo haimo kwenye tyubu. Kilichofaa ni kiyeyushi cha DMSO kwanza, mikrolita 10, subiri iyeyuke kabisa, kisha maji safi mikrolita 90 kidogo kidogo. Ukapatikana myeyusho wa mikrogramu 1 kwa mikrolita, angavu. Tukaugawa kwenye tyubu ndogondogo, nyuzi 20 chini ya sifuri. Kuyeyusha na kugandisha tena na tena kunaua peptidi, na freeza yetu umeme ukikatika haitunzi baridi.

Hesabu kwa wanaopenda kuiona: kingamwili ina uzito wa daltoni 150,000 na mikono miwili. Peptidi ya asidi amino 15 ina 1,700 hivi. Kwa uzito sawa, kila mkono unapata molekuli 44 za peptidi. Ushauri wa kawaida ni peptidi mara tano ya uzito wa kingamwili, maana yake zaidi ya molekuli 200 kwa kila mkono. Kwenye slaidi, mikrolita 200 za kingamwili ya 1:200 zina mikrogramu 0.2, hivyo mikrogramu moja ya peptidi inatosha. Sisi tunaweka mbili.

27 Machi: Jibu zuri lisiloaminika

Hapa someni taratibu, kwa sababu naona watu wengi wanaishia hapa na kuandika ripoti.

Thaimasi, slaidi mbili. Ya kwanza ilipata kingamwili iliyozimuliwa asubuhi hiyo. Ya pili ilipata kingamwili iliyolala usiku kucha kwenye friji na peptidi, nyuzi 4, ikizunguka polepole. Urejeshaji wa antijeni, yaani kupika slaidi ili protini iliyofichwa na fomalini ifunuke, kwa bafa ya Tris-EDTA, pH 9, ndani ya presha kuka ya jikoni. Matokeo: ya kwanza viini vya kahawia nzito, ya pili nyeupe. Picha safi kabisa ya kuweka kwenye wasilisho.

Daktari bingwa wa patholojia aliitazama akauliza swali moja: "Na iliyolala usiku bila peptidi iko wapi?" Haikuwepo. Tukairudia ikiwa na tyubu nne zilizolala pamoja: kingamwili peke yake na DMSO kiasi kilekile, kingamwili na peptidi ya TdT, kingamwili na peptidi isiyohusika (tulitumia ya protini nyingine kabisa iliyobaki freeza), na bafa tupu isiyo na kingamwili. Asubuhi, tyubu ya kingamwili peke yake ilitoa rangi hafifu mno. Ya peptidi isiyohusika vilevile. Usiku peke yake ulikuwa umekula sehemu kubwa ya rangi, na peptidi ikapewa sifa yote.

Chanzo: kingamwili iliyozimuliwa hadi mikrogramu moja kwa mililita, ndani ya PBS tupu, inajibandika kwenye kuta za plastiki. Kwenye chupa ya mtengenezaji haifanyi hivyo kwa sababu imekolea na ina protini ya kuilinda. Dawa yake ni rahisi: BSA (albumini ya ng'ombe) asilimia 1 kwenye bafa ya kuzimulia, na tyubu za aina isiyoshika protini. Kama hizo hamna, jazeni tyubu za kawaida BSA kwa saa moja, mwage, ndipo mtumie. Tulipofanya hivyo, kingamwili iliyolala peke yake ikalingana na ya asubuhi, ya peptidi isiyohusika ikalingana nayo, na ya peptidi ya TdT ikafuta viini vya thaimasi. Sasa ndiyo tukaiamini.

Tangu siku hiyo kwetu slaidi ya peptidi bila mwenzake aliyelala naye usiku huohuo haisomwi.

2 Aprili: Ukungu wa saitoplazimu

Slaidi za limfoma zenye ukungu: peptidi haikuugusa. Bafa tupu bila kingamwili ya kwanza nayo ikauonyesha, chembechembe kwa chembechembe. Kwa hiyo haukuwa wa kingamwili hata kidogo. Rangi ya polikloni tunaitoa kwa seti ya zamani ya biotini (vitamini) na streptavidini (protini inayoing'ang'ania), na kupika slaidi kwa pH 9 kunafunua biotini ya asili ya tishu. Streptavidini inaishika kwa furaha.

Dawa ya kununua ipo. Sisi tulitumia ute wa yai, ambao una avidini inayoshika biotini hiyo, ukizimuliwa kwa maji na kuchujwa, dakika 15, suuza, kisha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwenye PBS, yenye biotini, dakika 15 nyingine, suuza vizuri. Ukungu ukaisha. Gharama: bei ya mayai mawili na vijiko vichache vya maziwa.

Msomaji mkali atasema swali hili lingejibiwa na slaidi ya bafa tupu bila kutumia hata senti kwenye peptidi. Ni kweli. Anzeni na hiyo.

15 Aprili: Vingunguti

Tulitaka kuona kingamwili inashika protini ya ukubwa gani, na kwa hilo inahitajika bloti ya westani: protini zinatenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, zinahamishiwa kwenye membreni, kisha kingamwili inaonyesha bendi ya ile inayoshika. Seli za maabara zenye TdT hatuna. Thaimasi ya ndama inayo kwa wingi. Frederick Bollum alianza kukichambua kimeng'enya hiki kutoka kwenye thaimasi ya ndama mwaka 1960, na mtengenezaji anasema kingamwili yake inashika ya ng'ombe pia.

Machinjioni Vingunguti unatakiwa kufika alfajiri. Neno thaimasi halina msaada pale. Unaonyesha kwa kidole ile nyama laini, nyeupe kwa upinki, inayoanzia shingoni mwa ndama na kushuka mbele ya moyo. Kwa ng'ombe mzee imeshakuwa mafuta. Mchinjaji akauliza: "Dada, hii si watu huwa wanatupia mbwa?" Nilimwambia ni ya shule, akanipa na ini kwa bei ya pamoja: 9,000 vyote.

Bloti ya kwanza ilitoka vibaya. Badala ya bendi ya kilodaltoni 58 tulipata mchirizi ulioshuka hadi chini ya 30. Nyama ilisafiri kwenye mfuko wa plastiki, foleni ya barabara ya Nyerere, jua limeshapanda. TdT inakatwakatwa na proteasi, vimeng'enya vya kukata protini, kwa urahisi mno. Tuko kwenye kampani nzuri: kwa miaka kadhaa watafiti waliamini kimeng'enya cha ndama ni kidogo, kilodaltoni 32 hivi, chenye vipande viwili, hadi ilipodhihirika kuwa hivyo vilikuwa mabaki ya protini kubwa iliyokatwa wakati wa kusafishwa.

Safari iliyofuata tulikwenda na kasha la barafu, PBS baridi yenye PMSF (kizuizi cha proteasi), na mkasi. Nyama ilikatwa vipande vidogo palepale ukutani mwa machinjio na kuzama kwenye barafu. PMSF inaharibika haraka ndani ya maji, kwa hiyo iwekeni dakika za mwisho. Maabarani, bafa ya RIPA, yenye sabuni, ilifungua viini na DNA yote ikamwagika: mchanganyiko ukawa unavutika kama mlenda na hauingii kwenye pipeti. Sonikesheni fupi fupi juu ya barafu, kisha sentrifuji, vikaimaliza.

8 Mei: Bendi mbili

Kabla ya matokeo, ujanja wa kuokoa peptidi. Bloti ya kawaida inaogelea kwenye mililita 5 za kingamwili, mikrogramu 5, inayodai mikrogramu 25 za peptidi. Hiyo ni robo ya kichupa kwa picha moja. Tulikata membreni kuwa vipande vyembamba, kila kimoja ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa kwa moto, mililita 1.5 tu. Peptidi ikashuka hadi mikrogramu 7.5. Vipande vyote vinatoka kwenye jeli moja na vinapigwa picha pamoja, kwa muda uleule.

Thaimasi safi, bila peptidi: bendi kali ya 58 na nyingine nyembamba chini yake, karibu na 45. Na peptidi isiyohusika: zote mbili. Na peptidi ya TdT: hakuna kitu, zote zimeondoka.

Kikaoni wengi walisema kazi imekwisha. Bendi zote zimezuiwa, basi zote ni TdT, ya chini itakuwa kipande kilichokatwa. Ni maelezo yanayowezekana. Lakini ini la ndama lilikuwa freeza, na ini halitengenezi TdT. Tukaliendesha. Bendi ya 58 haipo. Ya 45 ipo, imenona, na peptidi inaifuta vilevile.

Basi kuna protini nyingine kwenye ini, na bila shaka kwenye tishu nyingine, yenye kipande kinachofanana na peptidi kiasi cha kushikwa na baadhi ya kingamwili za polikloni hii. Peptidi inaziba mikono. Haijui mikono ile ilikuwa inakwenda kushika nini. Chochote kinachoshikwa na mikono hiyo, halali au haramu, kitatoweka pamoja.

26 Mei: Slaidi ya Burkitt

Tulichukua vibloku vya zamani, kwa kibali, visivyo na majina, ambavyo tayari vilikuwa na jibu la Burkitt kwa monokloni na alama nyingine. Polikloni kwenye kimojawapo ilitoa rangi hafifu ya kiini. Hafifu lakini ipo, ya kahawia iliyopauka, kwenye seli nyingi. Na ute wa yai umeshafanya kazi yake, bafa tupu ni safi. Peptidi isiyohusika: rangi iko palepale. Peptidi ya TdT: imefutika.

Monokloni kwenye mkato unaofuata wa kibloku kilekile: hakuna kitu, huku seli za thaimasi kwenye slaidi ya kulinganishia ziking'ara.

Weka pembeni monokloni na lile ini, kisha uisome slaidi hii peke yake. Ingeandikwa "TdT chanya, imethibitishwa kwa peptidi". Na mtoto angepelekwa kwenye ratiba isiyo yake. Hili ndilo lililotufanya tuendelee kuandika shajara hii badala ya kuifunga Machi.

Mwaka 2016 kikundi cha kimataifa kilichapisha kwenye Nature Methods mapendekezo ya njia tano za kuthibitisha kingamwili: kuondoa jeni husika kwenye seli, kulinganisha na kipimo kisichotumia kingamwili, kutumia kingamwili ya pili inayoshika sehemu tofauti, kuipachika protini alama, na kuinasa protini kisha kuitambua kwa spektrometa ya masi. Peptidi ya kuzuia haimo kwenye zile tano. Kwa benchi kama yetu iliyo karibu na mkono ni ya tatu, na kingamwili hiyo ya pili, monokloni, tulikuwa nayo kwenye friji siku zote.

12 Juni: Tulipofikia

Polikloni imeondolewa kwenye slaidi za wagonjwa. Inabaki kwa bloti za kufundishia, ambako bendi ya 58 inaonekana wazi na ya 45 inajulikana. Uchunguzi wa TdT unaendelea kwa monokloni, na tumepunguza gharama kwa njia nyingine: kuizungushia tishu duara kwa kalamu ya kuzuia maji ili mikrolita 100 zitoshe badala ya 200.

Peptidi iliyobaki ni karibu theluthi ya kichupa. Inatumika pale tu rangi inapoleta shaka baada ya bafa tupu kuonekana safi, na fomu ya maabara sasa ina nafasi nne za kujaza: iliyolala peke yake, peptidi husika, peptidi isiyohusika, bafa. Nafasi moja ikiwa tupu, slaidi zinarudi.

Matumizi hadi leo: peptidi 310,000, usafiri na forodha 420,000, tyubu zisizoshika protini 95,000, PMSF na bafa 140,000, machinjioni na usafiri wa bodaboda 46,000, mayai na maziwa 6,000. Jumla 1,017,000, bila kuhesabu kingamwili zenyewe.

Kinachofuata ni kuiendesha polikloni kwenye tonsili na figo tuone ile ya 45 inakaa wapi ndani ya seli. Kama kuna mwenye seli za Nalm-6 au MOLT-4 (seli za lukemia zinazokuzwa maabara, zenye TdT) hapa nchini na anaweza kutugawia lisati, yaani mchuzi wa seli zilizopasuliwa, tutabadilishana na thaimasi ya ndama, tunayo ya kutosha.